Somo la 9: Vichaka vya Maua na Matunda ya Mapambo

Katika somo lililopita ulijifunza sehemu za ua na jinsi ua linavyochavushwa. Katika somo hili utajifunza mimea itupatiayo maua na, baada ya maua, matunda madogo yenye rangi za kupendeza. Mimea hiyo hupandwa kuzunguka nyumba, shule, zahanati na ofisi. Utajifunza jinsi ya kuiotesha, kuipanda, kuipogoa ili isongamane vizuri, na kuichagulia mahali panapoifaa. Utajifunza pia jambo moja ambalo kila mtunza bustani hana budi kulijua kabla ya kushika jembe: rangi ya tunda haituambii kama tunda hilo hulika.

1. Kichaka ni nini?

Utazame mwembe. Una shina moja nene, na matawi yake huanza juu ya ardhi. Kisha utazame mchicha. Shina lake ni laini, na mmea wote hufa baada ya muda mfupi. Kati ya mimea ya namna hizi mbili kuna mimea ya namna ya tatu. Mashina yake ni ya mti, hudumu miaka mingi, lakini ni mengi na hutoka karibu na ardhi. Kwa kawaida mimea hii haizidi urefu wa meta 5. Mmea wa namna hiyo huitwa kichaka. Mbuni, yaani mti wa kahawa, ni mfano mmoja ambao wakulima wengi wanaujua: hutoa maua meupe yenye harufu nzuri, kisha matunda yanayogeuka kuwa mekundu.

Katika Kiswahili neno "ua" lina maana mbili. Kuna ua la mmea, ambalo wingi wake ni maua. Kuna pia ua wa kuzungushia nyumba, ambao wingi wake ni nyua. Kichaka cha mapambo huweza kutupatia vyote viwili kwa pamoja, yaani ua wa kuzunguka uwanja na maua ya kuupamba.

2. Vichaka vinne vya kuchunguza

Hapa tutachunguza vichaka vinne. Viwili vya kwanza hupandwa kwa ajili ya kupamba. Cha tatu hupamba, hulinda na hulisha. Cha nne kilipandwa zamani kwa ajili ya kupamba, lakini leo hatushauriwi kukipanda.

(a) Duranta. Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini. Jina lake lilitokana na Castore Durante, mganga wa Italia aliyefariki mwaka 1590. Aliyeuandika kwa jina hilo la kitaalamu tunalolitumia hadi leo ni Carl Linnaeus wa Sweden, mwaka 1753. Maua ya duranta ni madogo, ya rangi ya zambarau au buluu hafifu, nayo huning'inia katika vishada. Baada ya maua hutokea matunda ya mviringo, rangi ya manjano kama dhahabu, yenye upana wa sentimita 1 hivi. Ukilitazama tunda moja kwa makini, utaona kwamba limefunikwa na sepali zilizoungana, na ncha yake imechongoka kama mdomo wa ndege. Ikiachwa bila kupogolewa, duranta huweza kufikia urefu wa meta 4 au zaidi. Kuna pia duranta yenye majani ya manjano, ambayo hupandwa kando ya njia na kukatwa ikawa fupi kama ukuta mdogo.

(b) Okna. Zipo okna za aina nyingi. Mojawapo ni mwenyeji wa pwani ya Kenya na Tanzania, na hupandwa pia bustanini. Maua yake ni ya manjano angavu, lakini petali zake huanguka baada ya siku chache. Hapo ndipo jambo la ajabu linapoanza. Sepali ambazo zilikuwa za kijani hazianguki, bali hugeuka kuwa nyekundu kabisa. Katikati yake hukaa matunda madogo kadhaa, ambayo huwa ya kijani kwanza na meusi yanapoiva. Mtu akitazama kwa mbali hudhani kwamba kichaka kimechanua maua mekundu, kumbe maua yamekwisha kupita.

(c) Mtandamboo. Huu ni mmea wa kwetu. Huota katika nyika na kando ya misitu, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Maua yake ni meupe, yenye rangi ya waridi kwa nje, na hunukia vizuri. Matunda yake huanza yakiwa ya kijani, yakawa mekundu, kisha yakaiva na kuwa zambarau iliyokolea au meusi. Yakiiva hulika, na watoto wachungao mifugo huyajua vema. Matawi yake yana miiba migumu. Ukikata tawi, utomvu mweupe kama maziwa hutoka.

(d) Lantana. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Shina lake lina pembe nne na majani yake hukwaruza mkono. Ukiyaponda hutoa harufu kali. Maua yake madogo hukusanyika pamoja, na katika mkusanyiko mmoja utaona rangi mbili au zaidi. Maua machanga ya katikati mara nyingi huwa ya manjano, na yale makubwa ya pembeni huwa ya waridi, ya machungwa au mekundu. Matunda yake ni ya kijani yakiwa mabichi, na meusi yanayong'aa yakiiva.

Kazi ya kufanya

Pamoja na mwalimu wako, tembelea bustani ya shule au nyua za jirani. Tafuta vichaka vitatu vyenye maua au matunda. Kwa kila kimoja andika: rangi ya maua, rangi ya tunda bichi, rangi ya tunda lililoiva, kama kina miiba au hakina, na kama kina utomvu mweupe au hakina. Chora tawi moja lenye maua na matunda. Usionje kitu chochote.

3. Kwa nini tunda lina rangi?

Unajua kwamba ua huwaita nyuki na vipepeo kwa rangi na harufu yake. Mdudu akiingia kutafuta nekta, chavua hunata mwilini mwake. Akienda ua jingine, baadhi ya chavua hiyo hubaki juu ya stigma. Baada ya utungisho ovari hukua ikawa tunda, na ovuli zilizomo ndani huwa mbegu.

Sasa mmea una kazi nyingine. Mbegu zote zikianguka chini ya mama yake, miche itaota mahali pamoja, nayo itanyang'anyana mwanga, maji na chakula. Lakini mmea hauwezi kutembea. Kwa hiyo unahitaji mchukuzi.

Mchukuzi huyo ni ndege. Wakati mbegu bado hazijakomaa, tunda huwa la kijani kama majani, gumu, na mara nyingi chungu. Ndege hulipita bila kuliona au bila kulitamani. Mbegu zikikomaa tunda hulainika na rangi yake hubadilika kuwa nyekundu, manjano, zambarau au nyeusi. Ndege huiona rangi hiyo kwa mbali. Sholwe, ndege mwenye kichwa cheusi na manyoya ya manjano chini ya mkia, ni mmojawapo wa wageni wa kila siku katika vichaka hivi. Yeye hana meno ya kutafuna. Hulimeza tunda, tumbo lake huyeyusha nyama ya tunda, na mbegu hutoka salama pamoja na kinyesi mahali pengine kabisa.

Kwa hiyo rangi ya tunda ni mwito, na mwito huo ni kwa ndege. Mtoto anapopita chini ya duranta na kuona vishada vya dhahabu, naye huvutwa na rangi hiyo hiyo. Lakini mwito huo haukuwa wake.

4. Sumu katika matunda ya kupendeza

Ndege hula matunda ya duranta bila kudhurika. Binadamu hawezi. Majani na matunda ya duranta yana sumu, na kumetokea vifo vya watoto na vya mbwa waliokula matunda hayo. Dalili zake huweza kuwa usingizi usio wa kawaida, homa, kutapika na degedege. Kwa hiyo usiseme kamwe, "Nimeona ndege akila, nami nitakula." Mwili wa ndege na mwili wako haufanyi kazi sawasawa.

Lantana nayo ina sumu, hasa katika majani na matunda mabichi. Ng'ombe na kondoo walao majani yake kwa wingi huugua ini. Ini likishindwa kufanya kazi, ngozi ya mnyama huungua akikaa juani, hasa sehemu zenye ngozi nyeupe. Mnyama huacha kula, na huweza kufa.

Mtandamboo nao unataka uangalifu, kwa sababu una jamaa anayefanana nao. Jamaa huyo ni mti wa sumu ya mishale. Wote wawili ni wa ukoo mmoja wa mimea. Wote wana majani ya kijani yaliyokolea, maua meupe yenye rangi ya waridi na harufu nzuri, utomvu mweupe, na matunda ya zambarau. Wakamba na Wagiriama ni miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waliochemsha sehemu za mti huo wakapata sumu ya kupaka kwenye mishale ya kuwindia. Sumu hiyo hushambulia moyo.

Utawatofautisha kwa kitu kimoja kikubwa. Mtandamboo una miiba, na mti wa sumu ya mishale hauna. Hata hivyo, alama hiyo ni ya kukufundisha kuchunguza, si ya kukupa ruhusa ya kula. Usile tunda la porini wala la bustanini mpaka mtu mzima anayeujua mmea huo aushike kwa mkono wake na kukuambia kwamba hulika.

Huduma ya kwanza

Ukimwona mdogo wako au mwenzako amekula tunda usilolijua:

(i) Mwambie ateme yaliyomo kinywani, kisha asukutue kwa maji safi.
(ii) Mwite mtu mzima upesi.
(iii) Usimlazimishe kutapika. Usimpe mafuta, maziwa wala dawa yoyote ya kubahatisha.
(iv) Apelekwe mara moja kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu. Msingojee dalili zionekane.
(v) Chukueni tawi la mmea huo lenye majani na matunda, mkamwonyeshe mganga. Tawi hilo litamsaidia kujua ni sumu gani.

Mtoto asifichwe kwa kuogopa kwamba atachapwa. Kuchelewa saa moja huweza kuwa na madhara makubwa kuliko kosa lenyewe.

5. Kuotesha miche

Vichaka vya mapambo huoteshwa kwa mbegu au kwa vipandikizi. Kipandikizi ni kipande cha tawi kinachofanywa kitoe mizizi na kuwa mmea mpya. Mche unaotokana na kipandikizi hufanana kabisa na mama yake. Ndiyo maana duranta yenye majani ya manjano huoteshwa kwa vipandikizi. Mbegu zake huweza kutoa miche ya namna nyingine.

Vifaa: kisu kikali au mkasi wa kupogolea, viriba au makopo yaliyotobolewa chini, udongo wa juu, samadi iliyooza, mchanga, maji, na nyasi au makuti ya kuweka kivuli.

Njia ya vipandikizi:

(i) Changanya udongo ndoo 3, samadi iliyooza ndoo 2 na mchanga ndoo 1. Jaza viriba.
(ii) Asubuhi, wakati jua halijawa kali, chagua tawi lenye afya, unene kama wa penseli, lisilo laini sana wala gumu sana. Mwombe mwalimu akate.
(iii) Kata vipande vya sentimita 15. Upande wa chini ukatwe chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapotokea, kwa kuwa mizizi huota kwa urahisi mahali hapo.
(iv) Ondoa majani yote ya chini. Acha majani 2 hadi 4 juu.
(v) Chomeka kipandikizi kwenye kiriba mpaka theluthi yake au nusu yake iwe udongoni. Shindilia udongo kwa vidole.
(vi) Mwagilia maji taratibu, kisha weka viriba chini ya kivuli.

Kwa nini tunapunguza majani? Kipandikizi hakina mizizi, kwa hiyo hakiwezi kufyonza maji ya kutosha. Lakini majani huendelea kupoteza maji hewani. Tukiacha majani mengi, kipandikizi hukauka. Tukiyaondoa yote, hakiwezi kutengeneza chakula kwa msaada wa mwanga. Kwa hiyo tunaacha machache tu.

Mwagilia kila siku bila kufurika. Baada ya wiki 4 hadi 8 utaona machipukizi mapya. Kivute kipandikizi kidogo kidogo. Kikikataa kutoka, jua kwamba mizizi imeshika. Tangu hapo punguza kivuli hatua kwa hatua, ili miche izoee jua.

Njia ya mbegu hufaa kwa mtandamboo na okna. Chukua matunda yaliyoiva, yaponde ndani ya maji, utenge mbegu na nyama, kisha uzikaushe kivulini. Zipande mapema. Mbegu za okna zikiwekwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuota. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi hii.

6. Kupanda

Panda mwanzo wa mvua, iwe masika au vuli, ili miche ipate maji ya kutosha wakati mizizi inapoenea. Wiki mbili kabla ya kupanda chimba mashimo yenye upana na kina cha sentimita 45. Weka udongo wa juu upande mmoja na udongo wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza, kisha uurudishe kwanza.

Kama unataka ua uliosongamana, acha nafasi ya sentimita 50 kati ya mche na mche. Kama unataka kila kichaka kisimame peke yake na kuonyesha umbo lake, acha nafasi ya meta 2. Toa kiriba bila kuvunja bonge la udongo. Panda mche katika kina kile kile ulichokuwa nacho ndani ya kiriba. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina, lakini zisiliguse, maana nyasi zenye unyevu huozesha gome.

Vichaka hivi hupenda jua. Vikipandwa chini ya mwembe mkubwa vitarefuka vikitafuta mwanga, vitakuwa vyembamba, na maua yatakuwa machache.

7. Kupogoa

Mtu asiyejua kazi hii hudhani kwamba kupogoa ni kupunguza tu. Kwa kweli ni njia ya kuongeza matawi. Fanya jaribio hili uone.

Jaribio

Vifaa: miche 4 ya duranta yenye urefu unaolingana, mkasi, vibandiko 4 vya majina, rula.

Njia: Iweke miche yote mahali pamoja na uimwagilie sawasawa. Miche 2 iandike A, na miche 2 iandike B. Katika miche A, kata ncha ya shina, sentimita 3 hivi kutoka juu. Miche B usiikate. Kila wiki, kwa muda wa wiki 6, hesabu matawi ya pembeni na pima urefu wa kila mche. Andika katika jedwali.

Uchunguzi: Kwa kawaida miche A hutoa matawi mengi zaidi ya pembeni. Miche B huendelea kwenda juu, ikiwa na matawi machache.

Maelezo: Kila mahali jani linapoungana na shina kuna jicho dogo linaloweza kuwa tawi. Jicho la kileleni hutoa homoni iitwayo auksini. Homoni hiyo hushuka katika shina na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ukikata kilele, kizuizi hupungua, na macho ya chini huamka. Tawi moja huwa mawili, na mawili huwa manne. Hivyo ndivyo kichaka kinavyosongamana.

Lakini hapa kuna jambo la kufikiri. Maua ya duranta hutokea kwenye ncha za matawi mapya. Ukikata ncha hizo kila baada ya wiki chache, unakata maua kabla hayajachanua. Pasipo maua hapana matunda. Ndiyo maana zile nyua fupi za duranta ya manjano, zinazokatwa mara kwa mara, huonyesha majani matupu.

Kwa hiyo mtunza bustani huchagua kwa mkasi wake. Akitaka ukuta wa majani, hupogoa mara nyingi. Akitaka maua na matunda, hupogoa mara moja au mbili kwa mwaka, matunda yanapokwisha. Akitaka maua lakini hataki matunda, hukata vishada mara maua yanaponyauka. Njia hii ya tatu hufaa sana mahali wanapocheza watoto wadogo.

Matawi yaliyokatwa yasiachwe ovyo. Mbuzi aliyefungwa karibu na rundo la matawi ya duranta au lantana huweza kuyala na kuugua. Vishada vyenye matunda visitupwe kwenye shimo la mboji, kwa sababu mbegu zake huweza kuota popote mboji itakapotumika. Vifukiwe chini sana, au vikaushwe na kuchomwa chini ya usimamizi wa mtu mzima.

8. Mimea iliyotoroka bustanini

Ndege akichukua mbegu haulizi mpaka wa shamba uko wapi. Anayepanda kichaka chenye matunda hupanda pia mahali asipopaona.

Lantana ni mfano mkubwa. Watu waliipenda kwa maua yake, wakaichukua kutoka Amerika mpaka bustani za Ulaya, Asia, Afrika na Australia. Huko Australia ilikuwa imekwisha kufika mwaka 1841. Ndege wakala matunda yake, na leo imeenea huko katika eneo la zaidi ya hekta milioni 4. Mwaka 2000 wataalamu wa hifadhi ya viumbe waliiweka katika orodha ya viumbe 100 vivamizi vibaya sana duniani. Katika Afrika Mashariki huota kando ya barabara, katika malisho na kwenye mashamba yaliyoachwa. Husongamana mpaka nyasi zinakufa chini yake. Ukiikata huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Hivyo ni lazima ing'olewe pamoja na mizizi, kabla matunda hayajaiva, na mahali pale paangaliwe tena baada ya kila mvua.

Mfano mwingine uko katika milima ya Usambara ya Mashariki, Tanzania. Huko Amani, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na mimea mingi ya kigeni ikapandwa kwa majaribio. Baadhi ya mimea ya kigeni imeenea katika misitu ya milima hiyo, ambayo ina mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine duniani. Mmojawapo ni kichaka kidogo kiitwacho klidemia, chenye maua meupe na matunda ya rangi ya buluu iliyokolea. Asili yake nayo ni Amerika.

Hata duranta haiaminiki kila mahali. Katika Australia na Afrika Kusini imehesabiwa miongoni mwa mimea inayoenea porini. Kama shule yako iko karibu na msitu au mto, ni heri kupanda mmea wa kwetu, kama mtandamboo au okna ya pwani, katika sehemu ambako mmea huo ni mwenyeji.

9. Kuchagua mmea na mahali pake

Kabla ya kupanda jiulize maswali manne. Nani atapita hapa kila siku? Je, mmea huu una sumu au miiba? Mbegu zake zitakwenda wapi? Nani atapogoa kila mwaka?

Tuseme shule ina sehemu tatu za kupanda. Sehemu ya kwanza iko mbele ya Darasa la Kwanza. Hapo hapafai duranta yenye matunda, kwa kuwa mtoto wa miaka sita bado hutia vitu kinywani. Wala mtandamboo haufai, kwa sababu ya miiba. Panda maua yanayojulikana kuwa hayana sumu. Sehemu ya pili ni mpaka wa shamba la shule, ambako mbuzi huingia na kula mahindi. Hapo mtandamboo ni mlinzi mwema. Miiba yake huzuia wanyama, na matunda yake ni chakula. Sehemu ya tatu iko mbele ya ofisi ya walimu, ambako watu wazima hukaa mchana kutwa. Hapo okna itapendeza. Duranta nayo inaweza kupandwa hapo, ikiwa kuna mtu aliyepewa kazi ya kukata vishada vyake kwa wakati.

Muhtasari

Kichaka ni mmea wa mti wenye mashina mengi yanayotoka karibu na ardhi. Rangi ya tunda huwaita ndege ili wasambaze mbegu. Baadhi ya matunda yanayowafaa ndege ni sumu kwa watu na mifugo. Kukata kilele huamsha macho ya pembeni na kukisonganisha kichaka, lakini kukata mara kwa mara huondoa maua na matunda. Mmea wa bustanini wenye matunda huweza kuenea mbali. Kwa hiyo mtunza bustani mwema humfikiria mtoto, mnyama, ndege na msitu kabla ya kuchimba shimo.

Maswali

1. Taja tofauti mbili kati ya kichaka na mti kama mwembe.
2. Kitu chekundu unachokiona kwenye okna baada ya petali kuanguka ni sehemu gani ya ua?
3. Eleza kwa nini tunda bichi kwa kawaida huwa la kijani na gumu.
4. Juma alimwambia dada yake, "Matunda haya ni salama, kwani sholwe huyala kila siku." Dada yake amjibu nini?
5. Kwa nini tunaacha majani machache kwenye kipandikizi, badala ya kuyaondoa yote au kuyaacha yote?
6. Ua wa duranta wa shule moja hupogolewa kila mwezi, nao hautoi maua. Eleza sababu, kisha utoe ushauri.
7. Ng'ombe wa jirani yenu amevimba na kuungua ngozi baada ya kuchungwa kwenye kichaka. Ni mmea gani utautafuta katika malisho hayo? Jirani aufanye nini?
8. Chora ramani ya shule yenu. Onyesha mahali watoto wadogo wanapocheza, mahali mifugo inapopita, na vichaka vyote vyenye matunda. Je, kuna kichaka kinachostahili kuhamishwa au kung'olewa? Jadilianeni darasani, kisha mpelekeeni mwalimu wa bustani mapendekezo yenu.